Mahali Mlima Unapotua Mzigo

Shule ya Msingi Ilolwa,
Tukuyu.
14 Septemba 1997

Mpendwa Tatu,

Nakusalimu kutoka kwenye ukungu. Ni miaka minne tangu tuagane pale Chuo cha Ualimu Mtwara, wewe ukibaki kwenu na mimi nikirudi kwetu, lakini bado nikiamka kuna dakika moja ambayo nadhani nitafungua dirisha nione mchanga. Nafungua, naona mlima.

Nilikuahidi nitakueleza ulivyo, kwa kuwa hujawahi kuona mlima hata mmoja. Huu wetu ni volkano iliyolala. Hakuna mzee anayejua babu wa nani aliuona ukiwaka. Asubuhi hauonekani, upo tu, kama mtu aliyekaa chumbani kimya. Saa nne ukungu unapanda, unaanza kuona migomba, kisha chai, kisha msitu, na juu kabisa makorongo yameuchana kama alama za kucha.

Wiki iliyopita tulichimba shimo la taka shuleni. Juu kuna udongo mweusi. Chini yake kuna tabaka la vijiwe vyeupe, vyepesi, vyenye vitundu kama mkate, ambavyo mlima uliwahi kuvitema. Chini ya hapo kuna udongo mwekundu mgumu kama chungu. Nilimwaga ndoo ya maji. Yalipita kwenye vijiwe mara moja, yakafika kwenye ule mwekundu, yakasimama. Nikakaa pale pembeni nikiyaangalia hadi kengele ya kipindi ikapigwa.

Nakuambia haya kwa sababu ya mama yangu. Unamjua kwa masimulizi, Mama Subilaga. Nyumba yake iko ubavuni mwa mlima. Nilifunga uzi wenye jiwe kwenye kipimapembe, nikapima mteremko: nyuzi thelathini na nne. Juu ya migomba yake ardhi imefanya ufa. Mwaka jana ulikuwa unaingia kidole, mwaka huu unaingia mkono hadi kiwiko. Mama anasema ardhi inapiga miayo tu, itafumba. Na redioni wanasema mvua za mwaka huu zitakuwa za ajabu, wanaziita Elnino.

Wewe ndiye uliyekuwa huamini kitu hadi ukijaribu kwa mikono. Niambie: mteremko uwe mkali kiasi gani, na mvua inyeshe kiasi gani, ndipo udongo uachie? Mwalimu mwenzangu Innocent anakuja huko kwenye kozi. Nimempa kiroba cha udongo wetu, tabaka zote tatu. Anausikitikia mgongo wake.

Wako,
Jesca


Likombe, Mtwara.
2 Novemba 1997

Shoga yangu Jesca,

Kiroba kimefika, na Innocent mgongo wake mzima. Mama yangu, Bi Asha, alikuwa amekuja kutoka Msimbati kuniangalia. Alichukua kijiwe kimoja cheupe akakitia kwenye ndoo, kikaelea. Akasema kwa Kimakonde maneno ambayo sitakutafsiria, kisha akakichukua cha kusugulia visigino. Kwa hiyo sehemu ya mlima wenu imehamia bafuni kwangu.

Sasa sikiliza. Nilichukua mlango wa zamani wa jikoni, nikaulaza uani, upande mmoja nikauinua kwa matofali. Nikaupaka ule udongo mwekundu, juu yake vijiwe, juu yake mweusi. Kila tofali likiongezeka nilipima nyuzi.

Ukiwa mkavu, udongo ulikaa hadi nyuzi thelathini na tatu, thelathini na nne, hapo ukaanza kumwagika wenyewe, punje kwa punje. Nikautengeneza upya nikaunyunyizia maji kidogo. Ukashikana, Jesca, ukawa imara kuliko mkavu, hata nyuzi arobaini haukutikisika. Unyevu kidogo ni kama gundi. Nikajidanganya kuwa mvua ni rafiki.

Siku ya tatu niliuacha ukinywa maji taratibu tangu asubuhi, kwa kopo lenye tundu. Hadi adhuhuri haukusogea. Nikainamisha mlango hadi nyuzi ishirini na sita. Kisha nikamwaga ndoo nzima kwa mara moja. Haukumomonyoka kidogo kidogo. Uliondoka wote, kama mtu anayevutiwa shuka. Nadhani ndiyo siri yake: mvua ndefu inaujaza, mvua kali ya saa moja inauachia. Ile ya kwanza bila ya pili haileti kitu, na ya pili bila ya kwanza inapita juu juu.

Siku hiyo nililala mchana nikaota mlima. Sijawahi kuuona, kwa hiyo ulikuwa mtu mkubwa amelala kifudifudi chini ya shuka ya kijani, anapumua. Nilikuwa nimesimama mgongoni mwake, naogopa kukohoa.

Mhamishe mama. Nyuzi thelathini na nne, ufa juu, na mvua hizo zinazosemwa, usingoje. Mteremsheni kwenye tambarare. Ardhi isiyo na mteremko haina pa kuporomokea. Mimi nimekulia Msimbati, ambako ukiweka mpira chini unaukuta hapo hapo. Mpelekee salamu zangu na umwambie ni mimi niliyesema.

Tatu Hamisi


Ilolwa.
20 Desemba 1997

Mpendwa Tatu,

Mama amehama. Nilidhani nitabembeleza hadi Pasaka, ikachukua siku moja.

"Nani kasema nihame?" aliniuliza.

"Tatu."

"Yule rafiki yako wa baharini? Ameshauona huu mlima?"

"Hajauona, mama. Ila ameujaribu kwenye mlango."

Akamenya ndizi. Kisha akasema, "Sisi tuliouzoea hatuutazami tena. Labda yeye anautazama." Baadaye aliniambia pia kwamba goti lake limechoka kupanda, lakini mimi naamini ni wewe.

Tumemjengea pale korongo linapotoka mlimani na kufunguka. Mjomba alikuwa na kiwanja hakina mtu. Ni uwanda mzuri, umepanuka kama kipepeo cha kupepea moto. Nimepima, mteremko ni nyuzi nne tu. Udongo ni mweusi, maharage yameota kabla hatujamaliza kuezeka. Kuna mawe makubwa yamelala huku na huku, mengine ukubwa wa ng'ombe, yameota kuvu mgongoni. Nilimuuliza mjomba nani aliyaleta. Akasema yalikuwepo. Mama anaanikia nguo juu yake.

Familia nyingine tatu zimemfuata. Watu wanasema mwalimu kapima.

Novemba kopo letu la mvua limepima milimita mia mbili na kumi. Desemba bado haijaisha na tayari ni mia tatu. Ukungu hauondoki hata saa nne. Tunaishi ndani ya maziwa.

Mama anakusalimu, anauliza baharini mnakula nini.

Jesca


Likombe.
25 Januari 1998

Shoga yangu,

Barua yako imekuja na meli, maana barabara ya Dar imekatika na malori yamelala Rufiji. Mwambie mama tunakula muhogo, ila mwaka huu unaozea ardhini kwa maji. Nimefurahi mno kwamba yuko chini. Nalala usingizi mzuri.

Jana mvua ilipokuwa inanyesha niliuinua tena ule mlango wangu, wanafunzi wangu wa darasa la sita wakiangalia kutoka barazani. Safari hii udongo haukuishia mwisho wa mlango. Ulikimbia uani kote, mbio, ukafika kwenye mafiga ukazima moto wa mama. Kokoto kubwa ndizo zilizokuja mbele, kama wakubwa kwenye msafara. Tulicheka hadi mama naye akacheka, akapika upya.

Tatu


Likombe.
1 Machi 1998

Jesca,

Soma hii umesimama.

Ijumaa nilikwenda kwenye hitima ya shangazi, kijiji cha mwisho kabla ya mdomo wa Ruvuma. Baada ya chakula nilitembea hadi ufukweni na Mjomba Omari. Mto umefurika. Unatoka bara ukiwa mwekundu, na bahari mbele yake imekuwa nyekundu hadi jicho linapochoka. Katikati ya maji nikaona visiwa vya mchanga ambavyo mwaka jana havikuwepo, na juu yake magogo, mizizi, hata kitanda cha kamba cha watu.

Nikauliza, "Mjomba, vitu hivi vyote vimetoka wapi?"

"Huko juu, bara."

"Na kwa nini viishie hapa?"

Akanitazama kama ninamtania. "Mwalimu, kule juu mto umebanwa, una nguvu, unabeba. Hapa umepanuka, hauna mteremko. Unatua mzigo."

Jesca, nilisimama pale miguu ikizama. Nimezaliwa karibu na mdomo wa mto na nimekuambia tambarare haina hatari. Mteremko ndio unaoanzisha. Tambarare ndipo unapofikia. Yale mawe ya ukubwa wa ng'ombe hayakuwepo tu. Korongo liliyaleta, siku fulani, likayaweka pale lilipochoka, na udongo mzuri wa maharage ni huo huo. Na mimi nimeuona kwa macho yangu ukifika kwenye mafiga, nikacheka.

Mtoe mama hapo leo. Wote watoke. Msirudi kwenye ufa, lakini msikae mdomoni mwa korongo. Tafuteni mgongo wa kilima kidogo pembeni, mahali ambapo maji yanagawanyika kwenda pande mbili.

Nimekwenda posta kupiga simu, laini zimekufa tangu Alhamisi. Barua hii naikabidhi kwa Felista, muuguzi, anayepanda ndege kwenda Dar kesho. Ataiposti huko.

Tatu


Ilolwa.
6 Aprili 1998

Mpendwa Tatu,

Barua yako ya tarehe mosi ilifika.

Mlima uliteremka Jumatatu tarehe tisa Machi, saa nne na robo asubuhi. Ilikuwa kama ulivyosema. Siku tatu mfululizo kopo lilipima milimita mia moja themanini na saba, mvua nyororo isiyo na haraka. Jumatatu saa tatu ikabadilika. Katika saa moja zilianguka arobaini na moja.

Nilikuwa darasani. Kwanza korongo lilinyamaza. Maji yaliyokuwa yakivuma tangu Februari yakaacha kuvuma, na watoto wote wakainua vichwa. Kisha harufu, ya udongo mbichi na mizizi iliyokatika. Kisha sakafu. Nilitoka nje nikaona msitu unatembea. Miti ilikuwa imesimama wima, inateremka korongoni bila kuanguka, na mbele yake mawe, yanabingirika polepole, kwa mbali ungesema polepole. Halikuwa maji wala udongo. Lilikuwa kama zege, Tatu, zege lililochanganywa na mtu asiyeonekana. Lilipofika kwenye uwanda likafunguka pande zote mbili. Kisha likasimama. Mvua ikaendelea juu yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nyumba zote nne hazipo. Tumezika watu watano.

Mama alikuwa ameshatoka. Usiwe na wasiwasi. Anakusalimu.

Sina nguvu ya kuandika zaidi.

Jesca


Likombe.
19 Mei 1998

Shoga yangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi hadi imeanza kukatika kwenye mikunjo. Poleni sana kwa hao watano. Nawaombea. Na namshukuru Mungu kwa mama. Nilikuwa nimeanza kuogopa kuiona bahasha yako.

Niliwasomea darasa la sita. Mmoja akauliza kama barua inaweza kuwa na mbio kuliko mlima, nikamwambia hii ilikuwa nayo. Mwalimu mkuu ananitania, ananiita Mwokozi wa Tukuyu. Nimemwambia mama yangu naye ameongeza kanga yake mwenyewe kwenye kifurushi hiki. Ya zambarau ni yangu, ya kijani ni ya Bi Asha. Zote ni za mama yako.

Tatu


Ilolwa.
30 Julai 2000

Mpendwa Tatu,

Asante kwa korosho. Mama amezipenda, anasema za safari hii zimekaangwa vizuri kuliko za mwaka jana. Goti linamsumbua kipupwe hiki. Kanga zote anazo, anazitunza, hazivai ovyo.

Umeuliza kazi yetu inavyokwenda. Tumeupima uwanda wote kwa hatua na kamba, mimi na wanafunzi, kuanzia mdomo wa korongo hadi jiwe la mwisho. Serikali ya kijiji imekubali hapo palimwe, pasijengwe. Kopo la mvua tumelipiga mstari wa rangi nyekundu. Siku tatu zikijumlishwa zikafika mia na hamsini, anayelima chini anapanda ukingoni na kungoja. Ikianza mvua kali juu ya hizo, tunapiga kengele ya shule bila kuuliza mtu. Wengi wananicheka. Juzi mzee mmoja aliniambia mlima si daftari.

Mama anauliza unakuja lini.

Jesca


Likombe.
11 Februari 2003

Jesca,

Mwezi uliopita tumepokea mwalimu mpya shuleni, Anna, kahamishwa kutoka wilayani kwenu. Nilifurahi. Nikamwambia nina rafiki Ilolwa, na kwamba namfahamu mama yake, Mama Subilaga, kama mzazi wangu.

Akaweka kikombe chini. Akaniuliza, "Yupi? Yule wa korongoni?"

Nikasema ndiyo, yule aliyetoka kabla.

Akasema hakutoka. Anna mwenyewe alikuwepo mazishini. Alisema mliimba mkiwa mmesimama juu ya tope kwa sababu hamkujua yuko upande gani.

Nimekaa na jambo hili siku kumi na tisa. Nimehesabu barua zako zenye salamu zake. Kumi na nne. Sijui nikuulize nini. Mimi nilisema ateremke. Kwa miaka mitano nimewasimulia watoto jinsi nilivyomwokoa.

Kama ulitaka kuniadhibu, umeweza. Kama hukutaka, niambie ulitaka nini.

Tatu


Ilolwa.
9 Machi 2003

Tatu,

Leo ni tarehe yake. Nimeingoja makusudi niandike leo.

Barua yako ya tarehe mosi ilifika tarehe kumi na nane. Mjomba aliniletea pale kwenye uwanda, tulikuwa bado tunachimba. Niliisoma nimesimama kama ulivyoagiza. Nilikuchukia. Nilikuandikia barua tatu, kila moja fupi kuliko iliyotangulia, ya mwisho ilikuwa na maneno mawili: umemuua. Nikafunga bahasha. Nikatembea nayo hadi Tukuyu, nikasimama dirishani posta, yule mama wa stempu akanyoosha mkono, nikashindwa kuiachia.

Huku watu walisema ni mkono wa mtu. Wengine walisema ni dhambi zetu. Walikuwa wanatafuta wa kumlaumu na walishaanza kumtazama bibi mmoja jirani. Katika nchi nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa ameuuliza mlima wenyewe unafanyaje, akapata jibu kwa nyuzi na ndoo, na jibu lilipokuwa limepungua akakimbia posta kulisahihisha. Nikikuandikia ukweli, nilijua utanyamaza. Ningebaki na ukungu peke yangu.

Kwa hiyo nikaandika ameshatoka. Nilidhani nitasema ukweli barua inayofuata. Ndipo zikaja kanga.

Sijui kama utanielewa hapa. Nilipokuwa nikikujibu, ilibidi nifikirie anasemaje. Anapenda korosho au hapendi. Goti linamuuma au limetulia. Nilikuwa nakaa mezani na kalamu, naye anakuja, anakaa upande wa dirisha, ananiambia cha kuandika. Kijijini kila mtu alimtaja kama marehemu. Kwenye barua zako peke yake uliuliza hali yake, na mimi nikawa na ruhusa ya kujibu. Sikukudanganya wewe, Tatu. Nilikuwa nakutumia kukaa naye.

Kuhusu kosa. Wewe ulisema tambarare. Mimi niliyekuwa na kipimapembe ndiye niliyechagua tambarare ipi. Niliyaona mawe kwa macho yangu, nikamwuliza mjomba, nikaridhika na jibu lake. Na ujue yote, kwa kuwa nimechoka kuficha: nyumba yake ya juu bado ipo. Ufa umejaa nyasi. Mteremko ulioachia ulikuwa wa juu zaidi, msituni, ambako hakuna aliyepima. Nimeutafuta baadaye: nyuzi thelathini na tisa.

Sasa nikuambie ambalo sikuweza kukuandikia mwaka jana. Aprili, siku tatu zilipima mia na sitini na mbili. Siku ya nne saa nane mchana mvua ikakaza. Nikapiga kengele. Watu walikuwa wanapalilia maharage kwenye uwanda, thelathini na mmoja, kumi kati yao ni wale wale walionicheka. Walipanda ukingoni wakilalamika, majembe begani. Mama mmoja, Martha, alirudi kuchukua kanga aliyoisahau, nikamkamata mkono, tukavutana. Akiwa bado ananitukana, korongo likanyamaza.

Lilikuja, likafunika maharage yote, likasimama karibu palepale lilipoishia mara ya kwanza. Hakukuwa na mtu hata mmoja. Sote tulisimama ukingoni tukiliangalia. Martha akaketi matopeni, na mimi nikaketi karibu naye, nikalia kwa mara ya kwanza tangu mwaka tisini na nane. Watu walidhani namlilia Martha.

Ule mstari wa rangi kwenye kopo ulitoka kwenye mlango wako wa jikoni. Siwezi kuigawanya ile hesabu, niseme hii ilimwua mama na hii iliwaponya hawa. Ni hesabu moja. Nimejaribu.

Hilo la kukaa naye ndilo nililotaka. Sasa wewe umenyang'anywa mama uliyemwokoa, na mimi nimenyang'anywa yule wa dirishani.

Jesca


Likombe.
27 Aprili 2003

Jesca,

Nimewaita wale wa darasa la sita wa wakati ule, niliowapata. Wengine wameshaolewa, mmoja yuko bandarini. Nimewaambia barua haikuwahi. Wakaanza kuuliza maswali mazuri, na tulikaa hadi alasiri.

Sitakuomba radhi kwa kalamu. Nimepata likizo mwezi wa saba, mvua zikiwa zimekwisha huko na huku. Nitapita Masasi na Tunduru, kwa lori kama basi halipo, kisha Songea, Njombe, hadi kwenu. Wanasema ni siku nne au tano. Mama yangu anataka kuja, nimemkatalia, nadhani nitashindwa.

Siku ya kwanza usinieleze kitu. Nipeleke tu mahali penyewe, tukae. Kama kuna ukungu, tutangoja hadi saa nne.

Tatu